Istilahi za Kupima Shinikizo la Damu Nje ya Kituo: Neno "Sugu" na Mipaka Yake

Neno "presha" limekwisha kuwa la Kiswahili, wala hatuna haja ya kuligombania. Husemwa sokoni, shuleni, ofisini na wodini, na kila alisemaye hueleweka. Taabu yake ni kwamba hubeba mambo mawili yaliyo mbalimbali. La kwanza ni ile nguvu ambayo damu hukandamiza kuta za mishipa, ambayo kila aliye hai anayo. La pili ni maradhi ya nguvu hiyo kuzidi kiasi kwa muda mrefu. Mtu asemaye "mimi sina presha" huelewana vizuri na jirani zake, lakini kwa mujibu wa elimu ya tiba amejitangaza kuwa ni maiti. Ndiyo sababu waandishi wa vitabu vya afya wamependelea "shinikizo la damu" kwa ile nguvu na "shinikizo la juu la damu" kwa maradhi, nasi tunafuata desturi hiyo katika makala haya.

Hatukusudii kuzirudia istilahi hizo ambazo wasomaji wanazo. Tunataka kuzitazama zile zinazohitajiwa na watafsiri tangu wataalamu wa moyo waliposhikilia kwamba shinikizo la mgonjwa lipimwe pia nje ya chumba cha mganga, hasa la mgonjwa ambaye dawa zinaonekana hazimsaidii. Vipeperushi na miongozo ya jambo hili hutafsiriwa, walimu wa uuguzi huifundisha, na kila mtafsiri huchagua maneno yake. Katika fani nyingine tofauti za namna hii huvumilika. Hapa hazivumiliki, maana neno likikosewa mgonjwa huweza kuongezewa dawa asiyoihitaji, au kunyimwa anayoihitaji.

Kwanza jambo lenyewe. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitangaza kifaa cha kufunga mkono kwa mpira unaojazwa hewa na kusoma shinikizo kwa urefu wa safu ya zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov alionyesha namna ya kusikiliza milio ya mshipa chini ya mkanda huo. Tokea hapo, kwa miaka mingi, shinikizo la mtu lilikuwa lile lililopatikana mbele ya mganga, basi. Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake wa Milano walitoa habari ya watu waliowekewa kifaa ndani ya mshipa kilichoandika shinikizo mfululizo, hata wakati hakuna mtu aliyewakaribia. Mganga alipofika kitandani kuwapima, shinikizo lilipanda mara moja, kwa wastani wa karibu milimita 27 za zebaki kwa tarakimu ya kwanza na 15 kwa ya pili. Na baada ya dakika 10 hivi lilikuwa limerudi karibu na mahali lilipoanzia. Katika utafiti wao wa 1987, mpimaji alipokuwa muuguzi, kupanda huko kulikuwa kudogo zaidi.

Yafaa kuzitafakari tarakimu hizo. Mtu mwenye 128 kwa 78 akiwa peke yake aweza kuandikiwa 155 kwa 93 na mganga asiyekosea hata hatua moja ya upimaji. Kifaa ni kizima, mpimaji ni hodari, na tarakimu ni ya kweli. Ila ni ya kweli ya dakika ile na mahali pale.

Sasa mtu huyo na akiwa anatumia dawa tatu, kila moja ya aina yake, kwa kipimo cha juu anachoweza kustahimili, mojawapo ikiwa dawa ya kuongeza mkojo, na bado kila ajapo kituoni aandikiwa 155. Huyu ndiye ambaye vitabu humwita mwenye shinikizo "sugu". Chama cha Moyo cha Marekani, katika tamko lake la 2018, humwingiza pia mtu ambaye shinikizo lake limetulia lakini kwa dawa nne au zaidi. Tamko hilohilo linataka mambo mawili yahakikishwe kabla jina halijatolewa: kwamba mgonjwa anazitumia dawa zake, na kwamba shinikizo liko juu hata nje ya kituo. Umuhimu wa sharti hilo la pili ulionekana Hispania mwaka 2011, walipochunguzwa wagonjwa 8,295 waliokuwa wakihesabiwa kuwa na shinikizo sugu kwa vipimo vya kituoni. Walipopimwa kwa saa 24 wakiwa katika shughuli zao, asilimia 37.5 walionekana shinikizo lao limetulia. Zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu alikuwa amepewa jina lisilo lake.

Turudi kwenye neno lenyewe. "Sugu" ni neno zuri la asili: ni ile ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima au goti la mwenye kusali. Kutoka hapo limeenda njia tatu. Katika tiba husemwa "ugonjwa sugu", kwa maana ya maradhi ya kudumu. Katika matangazo ya ofisi husemwa "mdaiwa sugu" na "mhalifu sugu", yaani mtu aliyeonywa asionyeke. Na katika habari za malaria twasema vimelea vimekuwa na "usugu" dhidi ya dawa. Ndivyo ilivyoelezwa Tanzania Bara ilipoacha kuitumia klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001.

Mtafsiri anapoandika "shinikizo sugu la damu" msomaji huweza kuingia njia yoyote ya hizo tatu, na zote humpoteza. Akishika maana ya kudumu, ataona kwamba kila mwenye shinikizo la juu la damu analo sugu, maana maradhi haya kwa kawaida hayaishi; tofauti iliyokusudiwa imekwisha kupotea. Akishika maana ya mdaiwa, lawama humwangukia mgonjwa, na si ajabu kumsikia mhudumu akisema "huyu ni mgonjwa sugu", ambapo kilichokuwa sifa ya shinikizo kimekuwa sifa ya mtu. Akishika maana ya malaria, atadhani dawa zimezoewa na mwili na hazifai tena, kwa hiyo ataziacha. Lakini katika shinikizo la damu hakuna kimelea kilichobadilika. Dawa zile tatu yamkini zinafanya kazi yake, na bila ya hizo tarakimu ingekuwa kubwa zaidi.

Wako wanaopendekeza "kaidi" badala ya "sugu". Hatuoni nafuu yake, kwani hakuna Mswahili atakayesikia neno hilo asikumbuke kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Lawama ni ileile, ila imevaa kanzu nyingine.

Njia tunayoiona bora imo katika sarufi yetu wenyewe. Kiswahili hutofautisha kwa kiambishi kimoja kati ya "lisilodhibitiwa" na "lisilodhibitika". Neno la kwanza lasema kwamba kazi ya kudhibiti haijafanyika au haijakamilika: labda dawa ni chache, kipimo chake ni kidogo, au mgonjwa hakuweza kuinunua mwezi huo. La pili lasema kwamba kazi imefanyika na haikufaulu. Tofauti hiyo lugha nyingine huieleza kwa maneno mawili yasiyo na ukoo. Sisi tunayo ndani ya kitenzi kimoja, na ingekuwa hasara kutoitumia. Basi twapendekeza "shinikizo lisilodhibitiwa" kwa hali ya jumla, kabla sababu haijajulikana. "Shinikizo lisilodhibitika" liwekewe wale wachache ambao hata kwa aina tano za dawa au zaidi, zikiwemo klothalidoni au ndugu yake na spironolaktoni, bado haliteremki. Kwa hali ya katikati, ambayo ndiyo hasa tunayoijadili, tungeliacha "sugu", kwa kuwa limekwisha kuenea, lakini lisitembee peke yake: liandikwe "sugu kwa dawa tatu". Maneno hayo matatu ya ziada yanaifunga milango yote mitatu tuliyoitaja. Yanaeleza ni nini kilichoshindwa, na yanaacha nafasi ya dawa ya nne.

Na kabla vipimo vya nje havijapatikana? Hapo iandikwe "linaloonekana sugu". Twawasihi watafsiri waepuke "usugu bandia" kwa hali ya wale asilimia 37.5 wa Hispania. Wasomaji wetu wamezoea kusikia "dawa bandia", na mgonjwa akiambiwa usugu wake ni bandia atadhani ama ameuziwa dawa za uongo ama anashtakiwa kwa kujisingizia. "Usugu wa kudhaniwa" watosha, maana waliodhani ni waganga, si yeye.

Jina la kule kupanda kwa shinikizo mbele ya mganga limeenea duniani kwa sura ya koti jeupe. Baadhi ya waandishi wetu wamejaribu "shinikizo la woga" na "presha ya hofu ya daktari". Twayakataa yote mawili. Kupanda huko hutokea hata kwa mtu asiyehisi woga wowote, tena kwa mtu aliyemzoea mganga wake miaka kumi. Na ukimwambia mzee wa makamo kwamba anamwogopa daktari, atakataa, na kwa haki yake. "Athari ya koti jeupe" ni tafsiri ya moja kwa moja, jambo ambalo kwa kawaida hatulipendi, lakini picha yake inaonekana kwetu pia: koti la daktari ni jeupe, gauni la muuguzi ni jeupe, na kosa limewekwa kwenye koti, si kwenye moyo wa mtu. Tuikubali.

Hali iliyo kinyume chake, ambapo tarakimu ya kituoni ni njema na ya nyumbani ni mbaya, ilipewa jina na Thomas Pickering na wenzake mwaka 2002 kwa mfano wa mtu aliyevaa kinyago. Kwa Kiswahili "shinikizo fiche" ni fupi na halina mzaha wa ngoma. Hili ni la hatari kuliko la kwanza, kwa sababu mgonjwa huondoka kituoni amepongezwa.

Tumefika kwenye neno lililowatatiza watafsiri kuliko yote. Upimaji wa saa 24 hufanywa kwa mashine ndogo inayofungwa kiunoni, yenye mpira unaounganishwa na mkanda wa mkononi. Mchana hujaza hewa kila baada ya dakika 15 hadi 30, na usiku hupima pia, aghalabu kila baada ya nusu saa, mtu akiwa amelala. Jina lake katika lugha za Ulaya limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kutembea. Kwa hiyo tumekutana na "kipimo cha shinikizo la kutembea" na "upimaji wa matembezi", na tunaweza kumwona mgonjwa mtiifu akizunguka uwanja wa kijiji saa 24 ili asikiharibu kipimo. Lakini kutembea si sharti. Sharti ni kuendelea na maisha ya kila siku, na kutulia kimya mkono ukiwa umenyooshwa kila mashine inapojaza. Tena sehemu iliyo na thamani kubwa ya kipimo hiki hupatikana mtu akiwa hatembei kabisa, maana ni usiku ndipo shinikizo hutakiwa lishuke kwa asilimia 10 au zaidi, na kwa wengi wenye shinikizo sugu kwa dawa tatu haliteremki.

Waswahili husema "kutwa kucha": jua mpaka lichwe, usiku mpaka kuche. Hakuna haja ya kutafuta zaidi. "Kipimo cha kutwa kucha" hueleza muda, hueleza kwamba usiku umo, na hata asiyesoma hulielewa mara moja. Na kwa kuwa maneno yake mawili hutengana, mtafsiri apata bila gharama "wastani wa kutwa" kwa mchana na "wastani wa kucha" kwa usiku, ingawa katika fomu rasmi tungeanza na "wastani wa mchana" na "wastani wa usiku" mpaka watu wayazoee.

Hapa lazima tuonye juu ya saa. Mashine hizi huandika saa kwa hesabu ya Kizungu kuanzia usiku wa manane. Tarakimu 22:00 ni saa nne usiku, na 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mgonjwa naye huandika katika daftari lake kwamba alilala saa nne na kuamka saa kumi na mbili. Asiye mwangalifu akiyaoanisha hayo bila kugeuza, usingizi wote utahamia asubuhi, na mtu ambaye shinikizo lake linashuka usiku atahesabiwa kuwa halishuki. Vivyo hivyo "usiku wa Jumanne": kwa wengi wa pwani ni usiku unaotangulia mchana wa Jumanne, kwa wengine ni ule unaoufuata. Fomu iandike "usiku wa kuamkia" siku fulani, na ubishi utakwisha.

Kipimo cha nyumbani hakina utata mwingi wa jina, ila kina mitego katika maelezo. Mgonjwa hupima asubuhi kabla ya dawa na chakula, na jioni, mara mbili kwa kila kikao na dakika moja kati yao, kwa siku saba. Siku ya kwanza huachwa katika hesabu, na zilizobaki hufanyiwa wastani. Hukaa kwanza dakika tano ameegemea, miguu chini, bila mazungumzo. Vipeperushi kadha husema "funga mkanda mkononi". Lakini mkono wa Kiswahili huanzia begani ukaishia ncha za vidole, na tumeona watu wakiufunga pale wanapovaa saa. Iandikwe: "kati ya bega na kiwiko, juu ya ngozi, si juu ya nguo, mkono ukiwa umewekwa juu ya meza sawa na moyo." Ni maneno mengi, na yanastahili nafasi yake.

Mtego mwingine ni "shinikizo la juu" na "shinikizo la chini" kwa tarakimu mbili za kipimo. Katika 120 kwa 80, wengi huita 120 "ya juu" na 80 "ya chini". Papo hapo "shinikizo la juu" ndilo jina la maradhi, na "presha ya kushuka" ndilo jina la hali nyingine kabisa. Mama mmoja akiambiwa "ya chini iko juu", afanyeje? Kwa wataalamu twashauri "sistoli" na "diastoli"; kwa wananchi "tarakimu ya kwanza", moyo unapojikaza, na "tarakimu ya pili", moyo unapolegea. Kuhusu "milimita za zebaki", zibaki zilivyo, ingawa Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza nje vipimashinikizo vya zebaki. Kizio kimeishi kuliko kifaa chake.

Kwa nini tumependekeza "kituo" badala ya "kliniki"? Kwa sababu kwa wananchi wetu "kwenda kliniki" ni habari ya mama mjamzito na mtoto wa kupima uzito. "Kipimo cha nje ya kliniki" kitamfanya mwanamume wa miaka 60 aone hakimhusu. Basi tunayo majina matatu: kipimo cha kituoni, kipimo cha nyumbani, kipimo cha kutwa kucha.

Majina hayo si pambo la tarakimu. Kwa mujibu wa mwongozo wa wataalamu wa moyo wa Ulaya wa 2024, mpaka wa maradhi ni 140 kwa 90 kituoni, 135 kwa 85 nyumbani, na 130 kwa 80 kwa wastani wa kutwa kucha. Usiku peke yake ni 120 kwa 70. Kwa hiyo 138 kwa 86 haikufikia mpaka ikiwa ya kituoni, na imeuvuka ikiwa ya nyumbani. Marekani mipaka ni ya chini zaidi tangu 2017, nayo pia hutofautiana kwa mahali. Mtafsiri anayeandika "shinikizo lizidi 135" bila kutaja lilipimwa wapi ameandika sentensi isiyo na maana.

Hata wataalamu wakubwa wamefunzwa jambo hili kwa gharama. Tiba ya kuunguza neva za figo, iliyokusudiwa wenye shinikizo sugu kwa dawa tatu, ilionekana mwaka 2010 kuteremsha sistoli ya kituoni kwa 32. Mwaka 2014 jaribio la Marekani liliwalinganisha waliotibiwa na wengine waliofanyiwa mfano wa tiba tu: waliotibiwa walishuka kwa zaidi kidogo ya 14, na wasiotibiwa kwa karibu 12. Majaribio yaliyofuata yalikifanya kipimo cha kutwa kucha kuwa mwamuzi, yakaonyesha faida ya kweli lakini ndogo zaidi, na Marekani iliidhinisha vifaa hivyo mwaka 2023. Nchini Uingereza, jaribio la 2015 lililoonyesha spironolaktoni kuwa dawa bora ya nne liliamuliwa kwa vipimo vya nyumbani. Na jaribio la 2019 la nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, lililolinganisha dawa mbilimbili kwa wagonjwa 728, liliamuliwa kwa kutwa kucha. Makaratasi yake mengine yatafika kwa watafsiri wetu.

Limebaki jambo moja ambalo bado hatujalipatia jina la kuridhisha: kipimo kinachochukuliwa kwenye duka la dawa, msikitini au kanisani siku ya upimaji wa hadhara, au kwa kijana mwenye mashine kando ya kituo cha mabasi. Si cha kituoni kwa maana yetu, wala si cha nyumbani, na mipaka yake haijawekwa. Kwa sasa twashauri kiandikwe kwa mahali pake, "kipimo cha dukani" au "cha hadharani", wala kisichanganywe na wastani wa nyumbani. Wasomaji walio na neno linalotumika sehemu zao, hasa wauguzi na walimu wao, watuletee pamoja na sentensi mbili tatu za matumizi yake.